Karakana ya Maalim: Alumini Moja, Kulika Mbalimbali

Mwezi huu barua nyingi zimehusu jambo moja bila waandishi wake kujuana: alumini inayolika. Nimeziweka pamoja. Moja ililetwa kwa mkono, na ndani yake bushi mbili, zile pete ambamo ekseli huzunguka, zilizokatwa katikati kwa msumeno na kuviringishwa kwenye gazeti. Ndiyo ninayoanza nayo, maana aliyeleta ushahidi hujibiwa kwanza.

Maalim, asalam aleikum. Mimi nasubu bushi na puli za alumini hapa Changamwe, za mikokoteni ya maji na za vinu vya posho. Skrepa yangu kubwa ni pistoni za magari. Bushi ninazomimina kwenye kalibu ya chuma zinakaa. Za kalibu ya mchanga zinalika upesi, na metali imetoka chungu kimoja, siku moja. Mwenzangu ananiambia nizitumbukize kwenye maji ya bahari zikiwa bado moto, ati ndipo zitakuwa ngumu. Nimkubalie?
*Fundi wa kusubu, Changamwe*

Wa aleikum salaam, fundi. Bushi zako nimezisugua kwa msasa wa maji hadi zikang'aa, nikadondosha maji ya kostiki juu ya kila moja, nikazisuuza na kuziangalia kwa lenzi ya sonara. Ya kalibu ya chuma imetoka kijivu cha namna moja. Ya mchanga ina mabaka, meupe hapa na meusi pale, na ndani ya meusi mna mistari ya silikoni ninayoiona bila kukaza macho. Kwamba metali ni moja nakuamini. Ila hazikuganda namna moja, na tofauti unayoiona kazini imetokana na hapo.

Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660. Pistoni si alumini safi. Nyingi zina silikoni asilimia 12 hivi, pamoja na shaba, magnesiamu na nikeli kama asilimia moja kila kimoja. (Silikoni hii si ile gundi ya tyubu ya kuzibia gasketi, hii ni elementi, ngumu sana na nyepesi kuvunjika.) Metali inapopoa, kwanza huota fuwele za alumini zenye shina na matawi, nazo huitwa dendriti. Majimaji yanayobaki katikati ya matawi yanazidi kujaa silikoni, mpaka yanapofika asilimia 12.6 na joto la nyuzi 577. Hapo alumini na silikoni huganda kwa pamoja. Mchanganyiko huo ndio yutektiki. Pistoni zako ziko karibu kabisa na kipimo hicho, kwa hivyo sehemu kubwa ya bushi ni yutektiki na dendriti ni chache. Ukichanganya na vichwa vya silinda au nyumba za gia, ambazo silikoni yake ni kidogo, dendriti huongezeka.

Kwenye mchanga joto hutoka polepole. Silikoni hupata wakati wa kujitandaza, ikawa mabamba marefu, ambayo ukiyakata kwa msumeno unayaona kama sindano. Kwenye chuma joto hunyonywa mara moja, na silikoni hutoka vipande vidogo vilivyosambaa. Dendriti nazo hufuata kanuni inayofaa kukaririwa na kila fundi wa kusubu: nafasi kati ya matawi hukua kwa kipeuo cha tatu cha muda wa kuganda. Maana yake, bushi iliyochukua muda mara 8 zaidi kuganda itakuwa na nafasi mara 2 zaidi. Kwa kalibu ya chuma nafasi hiyo huwa kama mikroni 20 hadi 40 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Kwa mchanga na ukuta mnene hupita kwa urahisi 60, na hapo tunakaribia unene wa unywele wa mtu.

Sasa weka ekseli ndani. Mzigo ukishuka juu ya bamba refu la silikoni, bamba halipindi, linavunjika. Kipande kikishang'oka hakiendi popote, kinabaki baina ya ekseli na bushi, na silikoni ni ngumu kuliko ekseli yako ya chuma laini. Kinakwangua pande zote mbili. Mahali dendriti ilipokuwa nene pana uwanja mpana wa alumini laini usio na silikoni ya kuukinga, na alumini laini ikisuguana na chuma bila grisi ya kutosha hushikana nacho, ikang'oka kwa magamba. Ukiona bushi iliyochakaa ina mikwaruzo mirefu iliyonyooka, vipande vilivyovunjika vimekwangua. Ukiona imechubuka na kupaka alumini kwenye ekseli, imeshikana. Ya kwako ya mchanga ina yote mawili.

Mwenzako wa maji ya bahari ana haki nusu. Bushi ikishaganda, umbo la silikoni limekwisha kuamuliwa. Hata ukiitupa baharini kutoka Nyali, sindano zitabaki sindano. Ila shaba na magnesiamu zilizomo zinaweza kunaswa ndani ya alumini kwa kupoozwa ghafla, na ukiiweka bushi hiyo baadaye kwenye oveni ya nyuzi 160 hadi 200 kwa saa kadhaa, alumini yenyewe inakuwa ngumu zaidi. Kupooza bila oveni kunakupa sehemu ndogo tu ya faida hiyo. Maji matamu yanatosha, na afadhali yawe na uvuguvugu ili bushi isipinde. Chumvi ya bahari unayoiacha kwenye vitundu itakuja kuila alumini taratibu. Hiyo hata sielewi nani aliianzisha.

Cha kufanya ni kupooza *wakati wa* kuganda, tena pale panaposuguliwa. Kwenye bushi panaposuguliwa ni tundu la ndani. Wengi wetu tunaweka kiini cha mchanga pale katikati, yaani mahali panapotaka kupoa upesi kuliko kwingine ndipo tunapopavisha blanketi. Tumia kiini cha chuma. Kikereze kiwe na mwinamo kidogo, kipake masizi au chokaa nyepesi, kipashe moto kitoke unyevu wote, kisha ukichomoe mapema, bushi ikiwa imeganda lakini bado ya moto, kwa kuwa alumini hunywea zaidi ya asilimia moja ikipoa na itakibana kiini usikitoe tena ila kwa nyundo na matusi. Kama umbo halikuruhusu, zika vipande vya chuma cha kusubu ndani ya mchanga, kandokando ya sehemu itakayosuguliwa, vigusane na metali. Usimimine kwa joto la kupindukia. Nyuzi 700 hadi 720 zinatosha kwa ukuta wa unene wako. Wanaozidisha moto kupita hapo wanajiongezea muda wa kuganda na gesi juu yake.

Halafu kuna hili ambalo nimelipigia kelele karakana nyingi. Sehemu iliyoganda vizuri kuliko zote ni ngozi, ule unene mdogo uliogusana na chuma. Ukisubu tundu dogo ili ulikereze kwa nafasi ya milimita 5, umeifagia ngozi hiyo yote ikawa vumbi la sakafuni, ukamuuzia mteja nyama ya ndani. Punguza nafasi ya kukereza. Kalibu nzuri inakuruhusu kuacha milimita moja au pungufu kila upande.

Kuhusu skrepa yenyewe: pistoni za dizeli mara nyingi zina pete ya chuma iliyosubiwa ndani, pale inapokaa ringi ya juu. Itoe mara alumini inapolegea, usiiache iogelee. Chuma kinachoyeyuka humo hutengeneza sindano zake zenyewe za alumini, chuma na silikoni, nazo ni mbaya kuliko za silikoni. Chungu chako cha chuma nacho kinachangia kila siku; kipake udongo mwembamba au chokaa ndani. Viwandani hutia manganizi, kama nusu ya kiasi cha chuma kilichomo, ili sindano hizo zikunjamane zisiwe na ncha, lakini bila kipimo cha maabara utakuwa unakisia.

Najua utaniuliza juu ya chumvi. Mwaka 1920 Aladár Pácz, Mhungaria aliyekuwa Marekani, aligundua kwamba aloi (mchanganyiko) ya alumini na silikoni ikitiwa floridi ya sodiamu kabla ya kumiminwa, silikoni hutoka nyuzi nyembamba badala ya mabamba, hata ikiganda polepole. Njia hiyo na ndugu yake ya strontiamu ndizo viwanda vinatumia hadi leo. Lakini chumvi ya jikoni haifanyi kazi hiyo, inafunika uso wa metali tu. Na floridi moshi wake ni sumu. Ndani ya banda la mabati lisilo na upepo sitaki hata kusikia umeijaribu. Sodiamu nayo hupotea upesi mno: ukichelewa kumimina kwa muda wa chai na sigara, imekwisha toka. Kiini cha chuma hakiishi nguvu, na hakina moshi.

Kaka Maalim, mimi ni makanika Likoni. Mteja aliniletea injini ya gari la Ulaya, silinda zake ni alumini tupu, hakuna slivu, ile ala ya chuma ya ndani. Ringi zilikuwa zimekwisha. Nikasugua silinda kwa mawe yale yale ninayotumia kwa silinda za chuma, nikaweka ringi mpya, gari likatoka zuri. Sasa limerudi linakula mafuta kuliko mwanzo, na kuta zimechubuka. Ninalaumiwa. Alumini tupu inawezaje kuwa silinda hata?
*Makanika, Likoni*

Inaweza, na imekuwa hivyo zaidi ya miaka 50. Injini ya lita 2.3 ya Chevrolet Vega, modeli ya 1971, ilikuwa na bloku ya alumini bila slivu, ya aloi yenye silikoni asilimia 17 hivi na shaba asilimia 4 na kitu. Porsche waliifuata njia hiyo kwenye 928, na makampuni mengine ya Ujerumani baada yao. Gari la mteja wako bila shaka ni la ukoo huo.

Aloi hii imevuka ile asilimia 12.6 niliyomweleza mwenzako wa Changamwe, kwa hivyo mambo yanageuka: kinachoganda mwanzo ni silikoni, punje kubwa kubwa zenye pembe, na alumini inakuja baadaye kuzifunga. Unajua kashata ya njugu: ukiila kwa kulamba, sukari inakwisha kwanza na njugu zinasimama juu. Silinda hii inafanywa hivyo makusudi. Kiwandani huisugua kwa almasi, kisha huondoa alumini kidogo, mikroni moja hivi au pungufu, kwa dawa au kwa mawe laini maalumu, punje za silikoni zibaki zimesimama. Ringi inatembea juu ya silikoni. Alumini haiguswi, inashika mafuta kwenye vile vibonde.

Mawe yako ya silinda za chuma yalifanya kinyume. Yalizivunja punje, yakazing'oa nyingine, na alumini laini yakaipaka juu ya zilizobaki. Ringi mpya ikaingia kutembea juu ya alumini yenyewe, na vipande vya silikoni vikawa msasa ndani ya mafuta. Hapo hata mafuta ya bei gani hayasaidii. Juu ya hayo, pistoni za injini hizi huwa zimepakwa chuma kwenye sketi, yaani ubavu wa chini, kwa sababu alumini juu ya alumini hushikana. Kama mteja wako aliwahi kuwekewa pistoni za kawaida, lawama si zako peke yako.

Usukaji wa punje hizo ndio siri ya bloku nzima. Metali ikiachwa igande yenyewe polepole, silikoni hujikusanya vibonge vikubwa vya zaidi ya mikroni 100, vimesongamana upande mmoja na upande mwingine umebaki mtupu. Ringi ikipita inavibomoa. Ndiyo maana hutiwa fosforasi kidogo, kawaida kupitia aloi ya shaba na fosforasi. Inashikana na alumini kufanya vichembe vidogo sana ambavyo silikoni hupenda kuanzia kukua juu yake. Vichembe vikiwa maelfu, punje zinakuwa nyingi na ndogo, mikroni 20 hadi 50, zimetawanyika sawasawa. Na angalia lisilotarajiwa: sodiamu inayoifaa metali ya yule wa Changamwe ni adui hapa. Sodiamu na fosforasi zikikutana zinaozana wao kwa wao, na hakuna inayobaki kufanya kazi. Anayeyeyusha bloku kama hizi pamoja na skrepa nyingine asishangae metali yake ikikataa kila dawa.

Vega yenyewe ilipata sifa mbaya ya kupata joto na kula mafuta. Wengi waliilaumu alumini. Bloku iliyopata joto hadi ikapinda haiwezi kushika ringi, iwe ya alumini au ya chuma.

Kwako sasa. Usiisugue tena. Hapa Mombasa mashine za kukereza bloku zipo. Itobolewe, ivishwe slivu nyembamba za chuma cha kusubu, na utafute pistoni zinazofaa slivu hizo. Ni gharama, mwambie mteja mapema. Na siku nyingine, kabla hujashika jiwe, weka sumaku ukutani mwa silinda. Ikishika kwa nguvu, pana slivu ya chuma. Isiposhika, weka jiwe chini ukaulize. Tena ukague kichujio cha hewa. Mchanga wa barabara zetu una kwatzi, ngumu sawa na hiyo silikoni, na injini inayovuta vumbi kupitia mpira uliopasuka italika tu, hata iwe imegandishwa na malaika.

Shikamoo Maalim. Nasoma uhandisi wa mitambo hapa Tudor na ninatafuta mada ya mradi wa mwisho. Mwalimu wetu husema kadiri umbile la ndani linavyokuwa dogo ndivyo metali inavyostahimili kulika, lakini nimesoma kwamba kwa aloi za alumini na bati ni kinyume. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi, Tudor*

Marahaba, binti yangu. Mwalimu wako yuko sahihi kwa aloi aliyokuwa akiifikiria. Utafiti unaousema naufahamu. Ulifanywa Brazil ukachapishwa mwaka 2010. Walichukua alumini yenye silikoni asilimia 3 na 5, na alumini yenye bati asilimia 15 na 20. Wakazigandisha kwa kalibu iliyopozwa maji upande mmoja, ili kipande kimoja kiwe na dendriti nyembamba karibu na maji na pana kadiri unavyokwenda mbali. Kisha wakazilisha kwenye mashine ya kupimia kulika. Za silikoni zililika kidogo zaidi dendriti zilipokuwa zimesongamana. Za bati zilistahimili zaidi dendriti zilipokuwa zimeachana.

Fikiria kila kimoja kinafanya nini humo ndani. Silikoni ni mgumu anayebeba mzigo, na unataka agawanywe kila mahali asiache uwanja mtupu. Bati (metali yenyewe, siyo paa) huyeyuka kwa nyuzi 232, haliyeyuki ndani ya alumini ngumu ila chembe, kwa hivyo husukumwa nje na kuganda mwisho kabisa, likajaza nafasi kati ya matawi. Ni laini mno na halibebi kitu. Kazi yake ni kupakaa: shafti ikisugua, bati linajitandaza usoni kama utando na kuzuia alumini isishikane na chuma. Nionavyo mimi, matawi yakiachana, vifuko vya bati vinakuwa vikubwa na vinafunguka kwa wingi usoni, akiba inatosha. Matawi yakisongamana bati linajificha kwenye nyufa nyembamba. Waandishi wenyewe walijadili pia jinsi bati linavyohama kuelekea uso uliopoa kwanza, jambo linalovuruga hesabu; usiliruke hilo ukiwasoma. Na beringi za injini zenye bati asilimia 20 juu ya mgongo wa chuma ziko sokoni tangu zamani, si jambo la maabara tu.

Vitabu vyako vitakupa kanuni ya Archard ya mwaka 1953: ujazo uliolika ni mzigo mara umbali, gawanya kwa ugumu, mara namba moja isiyobadilika. Wanafunzi huiangalia ile "ugumu" wakadhani wamemaliza, kisha wakapima ugumu peke yake na kuandika hitimisho. Ukorofi wote wa dunia uko ndani ya ile namba "isiyobadilika". Kushikana, utando wa bati, oksidi, vipande vilivyovunjika, vyote vimefichwa humo. Ndiyo maana aloi ya bati yenye dendriti nyembamba inaweza kuwa na nguvu zaidi kwenye mashine ya kuvuta na bado ikashindwa kwenye msuguano.

Kwa mradi wako ningekushauri uache bati, ni ghali. Chukua skrepa ya pistoni, isubu ngazi: kipande kimoja chenye unene wa milimita 5, 10, 20 na 40, kwenye mchanga, na kingine kama hicho kwenye chuma. Metali moja, kuganda kwa namna nane. Tumbukiza thamokapo (waya wa kupimia joto) katikati ya kila ngazi urekodi muda wa kuganda. Bila muda huo utakuwa na picha nzuri za hadubini zisizosema kitu. Pima urefu wa silikoni na nafasi za matawi sehemu nyingi, si ile moja inayopendeza. Kisha pini juu ya diski, yaani pini ya metali yako ikisuguliwa na diski inayozunguka, mizigo angalau mitatu, kwa sababu aloi hizi zina tabia ya kulika kidogo kidogo mpaka mzigo fulani, halafu ghafla zinaanza kuchubuka. Ukipima mzigo mmoja utaukosa mpaka huo, na mpaka ndio habari yenyewe. Pima kwa uzito, ila kausha pini kabla ya mizani. Andika unyevu wa hewa wa kila siku ya jaribio. Unyevu hubadilisha oksidi inayojengeka usoni wakati wa kusuguana pakavu, na hewa ya asubuhi ya masika hapa pwani si ile ya adhuhuri ya kaskazi. Ukilinganisha namba zako na za mtu wa nchi yenye hewa kavu bila kusema hayo, mtahini mkali atakukamata hapo.

Maalim, nina mgahawa mdogo Kongowea. Nilinunua sufuria nzito za kusubiwa, zilikuwa nzuri kwa macho. Kila nikizisugua kwa waya wa chuma zinazidi kutoka vitundu vidogo vidogo, na kitambaa kinatoka cheusi. Nimeuziwa mbovu?
*Mama wa mgahawa, Kongowea*

Vitundu havikuzaliwa na waya, bibie, umevifunua. Alumini ikiwa majimaji hunywa haidrojeni kutoka kwenye unyevu: wa hewa, wa skrepa iliyonyeshewa, wa mafuta ya injini yaliyoshikamana na pistoni. Ikiganda inaweza kushika kama sehemu moja tu kati ya 20 ya gesi ile, nyingine yote inatoka na kuacha matundu. Ngozi ya juu huganda upesi na kufunika. Ndani ndiko kuna sifongo. Wewe umekwangua ngozi. Kingo za matundu hazina kinachozishikilia nyuma, kwa hivyo zinabomoka upesi kuliko metali iliyo nzima, na hapo sufuria inaanza kulika kwa kasi. Ule weusi ni alumini na oksidi yake iliyosagika.

Acha waya, tumia kitambaa na majivu laini, au sabuni tu. Ukinunua nyingine, mwambie muuzaji akuonyeshe mkia wa kumiminia uliokatwa kwenye sufuria za kundi lile. Ukiwa na vishimo vya mviringo, ondoka. Umuulize pia skrepa ni ya nini. Betri na radiata za kuchomelewa zikipita chunguni huleta risasi, na sufuria za skrepa katika nchi kadhaa zimepimwa zikakutwa zikiitoa kwenye chakula, hasa chenye ukali. Mchuzi wa ukwaju na samaki wa ndimu uvipikie kwenye chuma cha pua. Hizo za vitundu ziwekee maji ya kuoshea vyombo.